Ukuta wa Ateri Unavyojitibu Hadi Kujiziba

Ngozi ikikatwa, kovu linalobaki linaweza kuwa baya kulitazama, lakini mara nyingi halimdhuru mwenye nalo, kwa sababu lina nafasi ya kutokeza nje. Ateri haina nafasi hiyo. Ateri kubwa inayoulisha moyo wa mtu mzima ina upana wa milimita 3 au 4 tu, na kila kinachoongezwa upande wa ndani wa ukuta wake kwa ajili ya kuuponya hupunguza njia ya damu. Katika masomo ya fiziolojia ninayowafundisha wanafunzi wa uuguzi, sura inayowachanganya kuliko nyingine ni hii inayoeleza kinachotokea pale utando wa ndani wa mshipa wa damu unapojeruhiwa, na nadhani inawachanganya kwa sababu wanamtafuta adui. Wanatafuta bakteria, sumu au seli iliyoharibika, ilhali karibu kila hatua wanayoisoma ni hatua ya uponyaji, inayofanywa na seli zenye afya, kwa utaratibu uleule unaotusaidia tunapojikata kisu jikoni.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Tabaka la nje ni tishu unganishi yenye neva na mishipa midogo inayoulisha ukuta wenyewe. Tabaka la kati limejaa seli za misuli laini zilizouzunguka mshipa, zikiwa zimepangwa kati ya nyuzi za elastini zinazoupa mshipa uwezo wa kutanuka na kurudi kila moyo unapopiga. Tabaka la ndani, kwa mtu mwenye afya, ni jembamba mno: safu moja ya seli bapa zinazoitwa endothelia, zilizoshikana kama vigae vya sakafu juu ya zulia jembamba la protini. Kati ya tabaka la ndani na la kati kuna utando wa elastini wenye vitundu vidogo, na inafaa msomaji avikumbuke vitundu hivyo, kwa kuwa baadaye vitakuwa mlango.

Kwa muda mrefu endothelia ilidhaniwa kuwa kizuizi tu, kitu kinachoitenga damu na ukuta. Aliyeivunja dhana hiyo kwa kishindo ni Robert Furchgott, mwanafamakolojia wa Brooklyn, New York, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipima jinsi vipande vya ateri kuu (aota) ya sungura vinavyojikaza au kulegea vinapowekewa dawa. Asetilikolini, kemikali ambayo neva hupitishia ujumbe, ilijulikana kuwa huilegeza mishipa ya mnyama aliye hai, lakini katika vipande vyake iliikaza, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mwaka 1978, baada ya fundi wa maabara kukosea mpangilio wa hatua za jaribio, dawa za jamii ya asetilikolini zilionekana kukilegeza kipande cha mshipa. Furchgott alifuatilia mpaka akapata chanzo: vipande vya awali vilikuwa vimesuguliwa upande wa ndani wakati wa kuandaliwa, na msuguo huo mdogo ulikuwa umeiondoa endothelia yote. Mshipa wenye utando wake ulilegea. Mshipa uliosuguliwa ulijikaza. Yeye na John Zawadzki walilichapisha jambo hilo mwaka 1980, na mwaka 1987 ikabainika kwamba kitu ambacho endothelia hukitoa ni gesi sahili, oksidi ya nitriki, inayodumu kwa sekunde chache tu kabla ya kuharibika. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998.

Nimelieleza jaribio hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jeraha tunalolizungumzia katika sura yake sahili kabisa: misuli ipo na damu haipo, utando peke yake ndio uliopotea, na tayari tabia ya mshipa mzima imegeuka. Oksidi ya nitriki haiilegezi misuli tu. Huzizuia pia chembe sahani, yaani vipande vidogo vya seli vinavyosaidia kugandisha damu, zisishikane, na huzituliza seli za misuli laini zisigawanyike. Pamoja nayo, endothelia hutoa prostasaiklini, iliyogunduliwa mwaka 1976 na Salvador Moncada, John Vane na wenzao nchini Uingereza, ambayo nayo huziweka chembe sahani mbali na ukuta. Hujifunika kwa molekuli zinazofanya kazi ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoanza kuganda. Kwa hiyo anayeuondoa utando huu anaiondoa sauti iliyokuwa ikiyaambia matabaka ya chini kila dakika kwamba yatulie.

Tuseme sasa utando umekwanguliwa, damu ikiwa inapita. Chini yake kuna kolajeni, protini ya nyuzi ngumu, ambayo kwa kawaida damu haikutani nayo kamwe. Protini ya von Willebrand, iliyopewa jina la daktari wa Kifini aliyeeleza ugonjwa wa kutokwa damu katika visiwa vya Åland mwaka 1926, hujishika kwenye kolajeni hiyo na kunyooshwa na kasi ya damu, kisha huzinasa chembe sahani zinazopita. Zikishanaswa, hubadilika umbo na kumwaga yaliyomo kwenye vifuko vyake, na hutengeneza thromboksani inayowaita wenzao na kuubana mshipa. Hapo ndipo asprini ndogo ya miligramu 75 inapofanyia kazi, kwa kuwa huzima kimeng'enya cha kutengenezea thromboksani, na chembe sahani, isiyo na kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kingine kwa muda wote wa uhai wake wa siku 7 hadi 10. Wakati huohuo thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, huigeuza fibrinojeni, protini iliyoyeyuka katika damu, kuwa nyuzi za fibrini. Ndani ya dakika chache sehemu iliyokwanguliwa huwa imefunikwa na zulia la chembe sahani. Katika ateri pana yenye damu ya kasi, zulia hilo huishia hapo. Katika ateri nyembamba au iliyopasuka kwa kina, linaweza kukua likawa bonge linaloziba.

Hatua hiyo wanafunzi huielewa upesi. Kinachofuata huchukua wiki na miezi.

Mwanasayansi aliyeiweka hatua ya pili mbele ya macho ya dunia ni Russell Ross wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Alianza kama daktari wa meno, kisha akasomea uponaji wa vidonda, na nadhani historia hiyo inaonekana katika namna alivyoutazama ugonjwa wa ateri: aliuona kuwa kidonda kinachopona. Mwaka 1973 yeye na John Glomset walitoa hoja kwamba unene unaojitokeza ndani ya ateri zenye ugonjwa ni mwitikio wa jeraha la utando wa ndani, na kwamba seli inayohusika zaidi ni seli ya misuli laini. Mwaka uliofuata kundi lao lilionyesha jambo la kushangaza katika vyombo vya maabara. Seli za misuli ya ateri zilikua vizuri zikipewa majimaji ya damu iliyoachwa igande, lakini zilidumaa zikipewa majimaji ya damu ambayo chembe sahani zake zilikuwa zimeondolewa. Chembe sahani zilikuwa zimebeba kichocheo cha ukuaji. Picha ikakamilika kwa uzuri wake: utando unapotea, chembe sahani zinashika pale, zinamwaga kichocheo, misuli inakua, ukuta unanenepa.

Picha nzuri namna hiyo hustahili kutiliwa shaka, na waliofanya kazi hiyo kwa uvumilivu walikuwa jirani zake Ross mjini humohumo Seattle, Alexander Clowes na Michael Reidy pamoja na wenzao. Walitumia ateri ya shingo ya panya wa maabara na katheta ndogo, yaani mrija mwembamba, yenye puto, ya aina ambayo Thomas Fogarty aliibuni kwa ajili ya kuvuta mabonge ya damu kutoka kwenye mishipa ya wagonjwa. Puto huingizwa, hujazwa na kuvutwa mara kadhaa, na likitoka huwa limeikwangua endothelia yote na kuitanua misuli kupita kiasi. Baada ya hapo panya huchunguzwa kwa siku na wiki mbalimbali.

Katika ateri tulivu ya panya mzima, seli za misuli laini zinazogawanyika kwa siku ni chini ya 1 kati ya 1,000. Baada ya puto, mgawanyiko huanza yapata saa 24 baadaye na kufikia kilele chake kwenye saa 48, ndani ya tabaka la kati lenyewe. Kufikia siku ya 4, baadhi ya seli huonekana zimeshapenya kwenye vile vitundu vya utando wa elastini na kuingia upande wa ndani, mahali ambapo hapo awali hapakuwa na seli yoyote ya misuli. Huko huendelea kugawanyika, na baada ya wiki 2 hivi idadi yake huwa imefika kileleni. Unene hauishii hapo, kwa sababu seli hizo hugeuka mafundi wa kolajeni, elastini na protini nyingine na kuzijaza pembeni mwao, hadi kufikia miezi 3. Ukikipima kinundu kilichozaliwa, sehemu yake kubwa ni vitu vilivyotengenezwa na seli, na seli zenyewe ni sehemu ndogo.

Baada ya kuzipanga hatua hizo, watafiti waliuliza nini kinaendesha kila moja, na hapo hoja ya Ross ikapata marekebisho. Panya waliopunguziwa chembe sahani kwa makusudi kabla ya jeraha waliendelea kuwa na mgawanyiko uleule wa siku 2 za mwanzo. Kilichopungua ni kuhama kwa seli kuelekea ndani. Tena, endothelia ilipoondolewa kwa upole kwa uzi laini, bila kuigusa misuli ya chini, chembe sahani zilikuja na kushika kama kawaida, lakini misuli haikufanya mambo mengi. Kwa hiyo kichocheo cha wimbi la kwanza kilikuwa kinatoka mahali pengine. Reidy na mwenzake Volkhard Lindner walionyesha mwaka 1991 kwamba kinatoka ndani ya seli za misuli zenyewe: seli zinazopasuliwa na puto humwaga kichocheo cha ukuaji kilichokuwa kimehifadhiwa ndani yake, na panya akipewa kingamwili dhidi ya kichocheo hicho, mgawanyiko hushuka kwa kiasi kikubwa. Kichocheo cha chembe sahani nacho kina kazi yake, lakini kazi hiyo ni hasa ya kuziita seli zivuke kuingia ndani.

Mimi huona marekebisho hayo kuwa sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote katika mada hii, kwa kuwa yanaeleza jambo ambalo daktari hukutana nalo kila siku: mkwaruzo wa juu na jeraha la kina havileti matokeo sawa. Ukuta unalipima jeraha. Utando ukipotea mahali padogo, endothelia ya jirani hulifunika pengo kwa saa au siku chache na hakuna kinachobaki. Misuli ikiumizwa na utando wa elastini ukipasuka, mwitikio huongezeka kadiri ya kina cha mpasuko.

Inafaa pia kusema neno juu ya seli ya misuli yenyewe, kwa kuwa inafanya jambo ambalo misuli ya moyo na ya mifupa haiwezi. Katika hali ya kawaida imejaa nyuzi za kujikazia na haigawanyiki. Ikijeruhiwa, na ikiwa imepoteza sauti ya kuituliza kutoka juu, hupunguza nyuzi hizo, huongeza viwanda vya kutengenezea protini, hutoa vimeng'enya vya kukata kamba za kolajeni zinazoishikilia mahali pake, kisha husafiri na kugawanyika. Kazi ikimalizika inaweza kurudia hali yake ya mwanzo. Wepesi huo ndio unaoifanya ateri iweze kurekebishwa maisha yote, na ndio huohuo unaoiziba.

Kinachoamua kiasi cha unene ni mashindano kati ya seli za aina mbili, endothelia na misuli laini. Endothelia hujirejesha kutoka kingo za jeraha na kutoka kwenye midomo ya matawi, ikitambaa kwa pamoja kama ukurasa mmoja. Mahali ilipofika, misuli iliyo chini yake hupunguza kasi, kwa kuwa oksidi ya nitriki na molekuli za aina ya heparini zimerudi kazini. Clowes alishaonyesha mwaka 1977, akiwa na Morris Karnovsky, kwamba heparini huzuia ukuaji wa misuli hiyo, na baadaye ikaonekana kwamba hufanya hivyo hata ikiondolewa uwezo wake wa kuzuia damu kuganda. Tatizo ni kwamba endothelia haina nguvu isiyo na mwisho. Katika ateri ya shingo ya panya iliyokwanguliwa yote, hutambaa kwa wiki kadhaa kisha husimama, ikiacha sehemu ya katikati bila kufunikwa. Huko katikati misuli hubaki ikitazamana na damu, na ndiko kinundu kinakokuwa kinene kuliko kwingine.

Hadi hapa nimezungumzia jeraha la puto, ambalo lina siku na saa yake. Ugonjwa wa kawaida wa ateri, ule unaoziba mishipa ya moyo na ya ubongo kwa miongo, haukuanza na mkwaruzo wowote. Ross mwenyewe alilitambua hilo. Katika nyani waliolishwa mafuta mengi, kundi lake liliona kwamba mwanzoni endothelia ilikuwa nzima juu ya eneo lililoanza kuugua. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimejipenyeza chini yake na kugeuka makrofeji, seli zinazomeza uchafu, zilizovimba kwa lehemu. Jeraha, kwa maana hiyo, lilihamia kutoka kupotea kwa utando hadi kuharibika kwa tabia yake: utando bado upo lakini unatoa oksidi ya nitriki kidogo, unavujisha lehemu, na unajiotesha protini za kunata zinazozidaka chembe nyeupe. Moshi wa sigara hufanya hivyo, shinikizo la damu na kisukari hufanya hivyo, na hata mwendo wa damu peke yake una mchango, kwa sababu vinundu hupenda kuota karibu na njia panda za mishipa, mahali ambapo damu huzunguka na kusitasita badala ya kuiparaza endothelia kwa kasi ya upande mmoja. Makala yake ya mwaka 1999, aliyoichapisha miezi michache kabla ya kufariki, iliuita ugonjwa huo waziwazi kuwa ugonjwa wa mwitikio wa chembe za kinga. Wapo wanaosema aliibadilisha nadharia yake kwa sababu ilishindwa. Kwangu mimi aliichukulia kama mtafiti anavyopaswa kuichukulia, akaacha kilichokosa ushahidi na kubaki na kilichosimama.

Jeraha lenye siku na saa lilirudi kwa mlango wa hospitali. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig aliingiza katheta yenye puto, za aina ambayo alianza kuzitengeneza jikoni kwake, katika ateri ya moyo wa mwanamume wa miaka 38, akalijaza puto mahali palipobana, na damu ikapita. Mgonjwa huyo alipochunguzwa tena miaka 10 baadaye, mshipa wake ulikuwa bado wazi. Wengi wa waliomfuata hawakuwa na bahati hiyo. Puto linafungua njia kwa kuupasua ukuta: kinundu kinachanika, tabaka la kati linatanuliwa, na endothelia yote ya mahali hapo inafutika. Daktari alikuwa akimfanyia mgonjwa kile ambacho Clowes alimfanyia panya, na ukuta, ambao hauwezi kujua kwamba safari hii jeraha ni la nia njema, ukajibu vilevile. Takriban theluthi moja ya wagonjwa walirudi wakiwa wamebana upya ndani ya miezi 6.

Kwa muda fulani ilidhaniwa kwamba kubana huko kunatokana na kinundu kipya peke yake. Picha za mawimbi ya sauti zilizopigwa kutoka ndani ya mishipa katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ilitokana na mshipa mzima kusinyaa, kovu la tabaka la nje likiuvuta ukuta kuelekea ndani. Hilo linaeleza kwa nini stenti, kijineli cha wavu wa chuma kilichoanza kuwekwa kwa binadamu mwaka 1986 na Jacques Puel wa Toulouse na Ulrich Sigwart wa Lausanne, kilileta nafuu. Chuma hakisinyai. Majaribio makubwa 2 yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kubana upya kukishuka, katika moja kutoka asilimia 32 hadi 22 na katika lingine kutoka asilimia 42 hadi 32 hivi. Lakini nondo za chuma zinazojikita ukutani na kubaki humo ni jeraha la kudumu, na misuli iliyopita kati ya matundu ya wavu ilikuwa nene kuliko ile iliyofuata puto tupu. Stenti ilishinda kwa sababu ilifungua njia pana zaidi, ingawa ilimchokoza mpinzani wake zaidi.

Dawa iliyokuja kuizuia misuli hiyo ina asili ya mbali. Ilitokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, kwenye Bahari ya Pasifiki, na kwanza ilitazamwa kama dawa ya fangasi, kisha ikawa dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Kwa kuwa huisimamisha seli kabla haijaanza kunakili vinasaba vyake, ilipakwa juu ya stenti ili itoke polepole kwa wiki kadhaa, muda uleule ambao panya wa Seattle walikuwa wameuonyesha kuwa ndio wa hatari. Katika jaribio la wagonjwa 238 lililochapishwa mwaka 2002, kubana upya baada ya miezi 6 kulikuwa asilimia 26.6 kwa waliowekewa stenti ya kawaida, na sifuri kwa waliowekewa stenti yenye dawa. Sifuri ni nadra katika tiba, na furaha ya wakati ule ilieleweka.

Gharama yake ilionekana baadaye. Dawa inayozuia misuli kugawanyika haichagui. Inaizuia na endothelia. Kufikia mwaka 2006 ripoti za damu kuganda ghafla ndani ya stenti hizo, hata zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuwekwa, ziliwashtua madaktari wa moyo, na wachunguzi wa maiti waliofungua mishipa ya waliofariki waliziona nondo za chuma zikiwa bado tupu, bila utando. Stenti ya zamani ilikuwa ikijaa misuli lakini ikifunikwa. Hii mpya ilibaki safi lakini uchi. Zilizofuata zina nondo nyembamba zaidi, dawa kidogo zaidi na mipako ya kushikilia dawa inayovumiliwa vizuri zaidi na ukuta, na hatari hiyo imepungua sana, ingawa mgogoro wenyewe haujaisha.

Leo stenti huwekwa pia hapa kwetu, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa za Nairobi, na swali ninaloulizwa zaidi ni lile aliloniuliza mjomba wangu miezi michache baada ya kuwekewa ya kwake: "Mjomba, kama wameshanizibua, hizi dawa za kulainisha damu ni za nini tena?" Ni swali la haki. Maumivu ya kifua yameondoka, vidonge ni viwili kila siku, na kimoja kati yake kinagharimu. Nilimjibu kwamba alizibuliwa kwa kujeruhiwa, na kwamba mpaka utando mpya ufunike chuma, vidonge hivyo viwili ndivyo vinavyofanya kazi ya utando. Kimoja huzima thromboksani, kingine huziba sikio jingine la chembe sahani. Ndiyo sababu madaktari huagiza vyote viwili kwa miezi 6 au 12 kwa wagonjwa wengi, kisha huacha kimoja, na ndiyo sababu mgonjwa anayekwenda kung'olewa jino hapaswi kuviacha kwa ushauri wa jirani kabla ya kuzungumza na daktari wake wa moyo.

Mwitikio huohuo hujitokeza mahali ambapo hakuna puto wala stenti. Katika upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, vena iliyokatwa mguuni hushonwa kwenye njia ya ateri. Vena hiyo ilizoea shinikizo dogo, na ghafla inapokea shinikizo la ateri lenye wastani wa milimita 90 au 100 za zebaki. Utando wake umeshaguswa na vyombo vya daktari, umekaa bila damu kwa muda, na misuli yake inatanuliwa kila sekunde. Hunenepa. Unene wa mwanzo ni wa lazima, kwa kuwa bila huo vena ingepasuka, lakini mara nyingi haujui pa kusimama, na takriban nusu ya vena hizo huwa zimeziba au kubana vibaya baada ya miaka 10. Ateri ya ndani ya kifua inayotumika kwa kazi hiyohiyo hubaki wazi kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 kwa muda uleule. Inazoea shinikizo hilo tangu utotoni, utando wake wa elastini una matundu machache, na endothelia yake hutoa oksidi ya nitriki kwa wingi.

Mahali pengine ni mkononi mwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Ili mashine ipate damu ya kutosha, daktari huunganisha ateri na vena, kwa kawaida karibu na kifundo cha mkono, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1966 na kundi la Brescia na Cimino huko New York. Muungano huo huitwa fistula, jina ambalo huwashtua akina mama wanaolijua kwa ugonjwa mwingine kabisa wa uzazi, na muuguzi hufanya vyema kulieleza mapema. Hapa mkusanyiko wa majeraha unakuwa mkubwa kuliko kwingine kote nilikotaja: mshono wa upasuaji, shinikizo la ateri ndani ya vena, damu inayozunguka vibaya kwenye kona, sindano nene 2 mara tatu kwa wiki, na mwili ambao figo zake zilizoshindwa tayari zimeidhuru endothelia. Misuli huhamia ndani hasa sentimita chache baada ya mahali pa kuunganishia, na muuguzi anayejua kuweka vidole hulitambua hilo kabla ya mashine: mtetemo laini wa kawaida unageuka kuwa mapigo magumu karibu na mshono, na pakibana mbele zaidi, kupita mahali pa sindano, mkono unachukua muda mrefu kuacha kutoka damu sindano zinapochomolewa, na mashine inaanza kulalamikia shinikizo la upande wa vena. Mgonjwa akipelekwa wakati huo, njia hiyo hutanuliwa kwa puto na kutumika tena kwa miezi kadhaa, ingawa puto lenyewe linaanzisha upya hesabu ya saa 24, saa 48 na wiki 2.